Sanaa tunaikalia kila siku, ila hatuiiti kwa jina lake

Likizo iliyopita dada yangu aliniita kwake Msambweni. Kwetu Udigoni, mjomba akiitwa kwa jambo la mtoto haendi kunywa chai tu, anatarajiwa aseme neno. Mpwa wangu, aliyekuwa akimaliza Gredi ya 9, alikuwa amechagua mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo kwa masomo ya sekondari ya juu. Wazazi wake walitaka aingie mkondo wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati. Mimi nilitakiwa nimgeuze mawazo.

"Sanaa si kazi, kaka," dada yangu alisema. "Hiyo ni ya wale vijana wa Diani wanaowafuata watalii ufuoni na vinyago mkononi. Sisi huku hatuna sanaa."

Wakati anasema hayo, sote tulikuwa tumekalia mkeka uliosukwa na mama yetu. Mama mwenyewe alikuwa barazani, ukili mkononi, akisikiliza kimya. Dada alikuwa amejifunga leso. Nyumba ya pili palikuwa na maandalizi ya harusi, na sauti ya kayamba ilikuwa ikitufikia.

Siku hiyo sikumgeuza mtoto mawazo. Niliomba muda nifikiri. Haya ndiyo niliyoyafikiri, na nayaandika hapa kwa sababu najua nyumba nyingi za Kwale zina mazungumzo kama haya.

Neno lenyewe

Neno sanaa tumelipata kutoka Kiarabu, kwenye mzizi wenye maana ya kutengeneza kitu. Mzizi huo huo umewapa Waarabu maneno ya ufundi na ya viwanda. Kwa asili yake basi, sanaa ni kazi ya mkono uliojifunza. Seremala, mshonaji, msusi na mshairi wote wanaingia humo.

Siku hizi neno hilo limevutwa pande mbili. Upande mmoja limekuwa picha ya ukutani hotelini. Upande wa pili, mtaani, mtu akikopa asilipe tunasema amefanya usanii. Kati ya ukuta wa hoteli na utapeli, kazi ya mama yangu imekosa jina.

Mimi natumia kipimo chepesi. Angalia kitu kinachotumika nyumbani, kisha ujiulize: kuna kitu gani hapa ambacho matumizi hayakukidai? Mkeka usio na rangi unalalika vizuri tu. Aliyeweka rangi na nakshi aliamua kuongeza jambo, ama ili macho yapumzike, ama ili kitu kiseme. Nyongeza hiyo ya makusudi ndiyo sanaa.

Mkeka una hesabu yake

Huku kwetu msusi hutumia majani machanga ya mkindu, au miyaa inayotoka kwenye mkoma. Majani hukatwa kabla hayajafunguka, huanikwa juani, huchanwa vipande vyembamba, na yanayohitaji rangi huchemshwa nayo. Baada ya hapo ndipo kusuka kunapoanza. Msusi hasuki mkeka mzima kwa mara moja. Anasuka ukili, utepe mrefu mwembamba, akiuzungusha kadiri unavyorefuka. Ukitosha, huushona ubavu kwa ubavu hadi upana anaoutaka upatikane.

Sasa fikiria nakshi. Maua yanayotokea katikati ya mkeka yanapita kwenye mishono mingi ya ukili ule ule, uliosukwa kabla mkeka haujakuwapo. Msusi lazima ajue tangu mwanzo rangi itaangukia wapi ukili utakapopinda na kurudi. Akikosea idadi ya majani mahali pamoja, ua linavunjika. Mama hakuhitimu shule, lakini hesabu hiyo anaifanya huku akizungumza na jirani.

Na kazi hizi zina vyeo vyake. Jamvi ni la kutandika watu wengi wakae. Msala ni wa kuswalia. Mkeka wa rangi hutolewa akija mgeni au ukifika wakati wa harusi. Ukiingia nyumba ya Mswahili, kile ulichotandikiwa kinakueleza umepokewa vipi kabla mwenyeji hajafungua mdomo.

Leso husema kwa niaba yako

Leso ni ushahidi mwingine. Jina lake latokana na neno la Kireno la kitambaa cha mkononi, na masimulizi ya Pwani ni kwamba wanawake wa karne ya 19 walinunua vitambaa hivyo vikiwa pamoja, wakaviunganisha kuwa nguo moja kubwa. Duka la Kaderdina Hajee Essak la Mtaa wa Biashara, Mombasa, ambalo tunalijua zaidi kwa alama ya "Mali ya Abdulla", lilianza mwaka 1887.

Leso ina pindo kuzunguka kingo, ina mji katikati, na ina jina, yaani yale maneno yaliyoandikwa chini ya mji. Zamani majina hayo yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, baadaye kwa hizi za Kirumi. Ni hayo maneno yanayofanya leso iwe zaidi ya nguo. Mke aliyeudhika anaweza kupita mbele ya wifi zake na leso moja tu, na kila mtu akajua limesemwa nini, na hakuna wa kumshitaki. Mama mkwe anaweza kumpa mkaza mwana leso ya dua, na zawadi ikawa nguo na baraka pamoja.

Tena leso haituachi. Mtoto hubebwa mgongoni kwa leso, bibi harusi hupewa leso, mama mzazi hujifunga leso, na msibani wanawake hujitanda leso.

Ngoma hukusanya watu

Nikija kwenye ngoma, mtu wa Kwale hawezi kupita bila kutaja sengenya. Ni ngoma ya Wadigo, yenye ngoma kadhaa za ukubwa tofauti, nzumari na upatu. Kila chombo kina zamu yake, na anayecheza anamsikiliza mwenzake. Kayamba nayo ni mabua yaliyofungwa bapa na punje zikatiwa ndani, kitu ambacho mtu hutengeneza kwa vilivyomzunguka. Lakini ikishikwa na wanawake kumi kwa pamoja, ua mzima unajua pana shughuli.

Ulimwengu umeliona jambo hili kabla yetu. Mwaka 2008 UNESCO iliziweka kaya takatifu za Mijikenda kwenye orodha ya Urithi wa Dunia, Kaya Kinondo ya hapa Diani ikiwemo. Mwaka uliofuata, mila na desturi zinazohusiana na makaya zikaingizwa kwenye orodha ya urithi unaohitaji kuhifadhiwa kwa haraka. Ukitaka kuingia Kaya Kinondo hufungwa kaniki nyeusi kiunoni. Kipande cha nguo tu, lakini kinabadilisha mwendo wako na sauti yako mle ndani.

Na vile vinyago vya ufuoni?

Dada yangu alivitaja kwa dharau, nami namjibu kwa historia. Uchongaji wa Wakamba wa kuuza ulianza na mtu mmoja, Mutisya Munge wa Wamunyu, aliyejifunza kwa wachongaji wa Tanganyika wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza. Alirudi kwao, wenzake wakajifunza, na ufundi ukaenea. Leo kuna familia zilizosomesha watoto kwa patasi na tezo. Kwa hiyo anayesema sanaa haijawahi kulisha mtu hajapita Changamwe, kwenye chama cha ushirika cha wachongaji hao.

Ila nakubali kuna onyo humo. Kitu kikitengenezwa kwa ajili ya mgeni peke yake, mgeni ndiye anayeamua kitakuwaje. Twiga yule yule huchongwa mara elfu kwa sababu ndiye anayenunuliwa. Miti ya mpingo na muhugu ilikatwa kwa wingi hadi wachongaji wakahimizwa kutumia mwarobaini na mwembe. Na watalii wasipokuja, kama tulivyoona mwaka 2020 wakati wa korona, meza za ufuoni hubaki na vumbi.

Mkeka wa mama haukusimama mwaka ule. Watu waliendelea kulala, kuswali na kuzika. Sanaa inayotumiwa na wenyewe ina mizizi ambayo soko la wageni haina.

Wa kulaumiwa ni sisi

Lakini nisijidanganye. Mkeka wa mama hauko salama. Mikeka ya plastiki imejaa madukani, ni rahisi na huoshwa kwa maji. Nami ninayo nyumbani kwangu. Mtu akija kununua mkeka wa mama, uliomchukua zaidi ya mwezi wa jioni baada ya jioni, huanza kwa kusema "punguza". Mtu huyo huyo hampunguzii fundi wa simu hata shilingi. Tukiugawanya ule mkeka kwa siku zilizotumika, ni kibarua gani angekubali ujira huo?

Kwa hiyo dada alikosea kusema hatuna sanaa, ila hofu yake ina msingi. Anaona jinsi mama yake anavyolipwa, na hataki binti yake alipwe hivyo. Sisi tunaozibeza kazi hizi ndio tuliomfundisha hofu hiyo.

Niliporudi Msambweni nilimwambia mbele ya mtoto: mwache achague, kwa masharti mawili. La kwanza, ajifunze ukili kwa bibi yake kabla hajaenda kufundishwa sanaa na mtu mwingine. La pili, ajifunze kupanga bei, aandike siku zake na vifaa vyake, asikubali kuambiwa punguza bila hesabu.

Mpwa wangu akaniuliza, "Na wewe mjomba, mkeka wa sebuleni kwako ni wa nini?"

Nilinyamaza. Mama, kule barazani, alicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. Kabla sijaondoka nilimwagiza mkeka wa pima nne, nikalipa bei aliyoitaja. Ameniambia nisubiri mpaka baada ya mvua, kwa sababu majani hayakauki.