Wiki moja ya ujira: dola 124,800, sifuri au 383

Mchukue mfanyakazi wa ghala jijini New York anayelipwa dola 20 kwa saa, saa 40 kwa wiki. Kila wiki huwa anamdai mwajiri dola 800. Mwajiri ana utaratibu uliozoeleka sana Marekani: analipa kila baada ya wiki mbili, na pesa hutoka siku saba baada ya wiki ya pili kufungwa. Mfanyakazi hakatwi senti asiyopaswa kukatwa wala hadhulumiwi saa hata moja. Kwa miaka sita mfululizo kila dola imemfikia.

Hata hivyo mwajiri huyo anavunja sheria. Kifungu cha 191 cha Sheria ya Kazi ya jimbo la New York kinataka mfanyakazi wa kazi za mikono alipwe kila wiki, tena ndani ya siku saba tangu wiki aliyoifanyia kazi iishe. Karani anaweza kulipwa mara mbili kwa mwezi. Mbeba mizigo hapana. Agizo hilo lina mizizi ya karne ya 19, na hoja yake ni kwamba anayeishi kwa kazi ya mikono yake hana akiba ya kumvusha. Kwa mfanyakazi wetu, ujira wa wiki ya pili unafika ndani ya muda. Ule wa wiki ya kwanza unakuwa umechelewa siku saba, na hali hiyo inajirudia mara 26 kwa mwaka.

Mahakama zimegombana juu ya bei ya siku hizo saba, na majibu yao yanatofautiana kupita kiasi.

Mwaka 2019, katika kesi ya mfanyakazi wa ujenzi, tawi la mahakama ya rufaa linalosimamia Manhattan na Bronx liliamua kwamba ujira uliochelewa ni sawa na ujira ambao haukulipwa siku ulipostahili. Mfanyakazi anaweza kushtaki mwenyewe, na fidia yake inaweza kufikia asilimia 100 ya kiasi kilichochelewa. Piga hesabu: dola 800 mara 26 ni dola 20,800 kwa mwaka. Sheria inaruhusu kudai miaka sita ya nyuma, kwa hiyo ni dola 124,800. Hizo ni za mtu mmoja, ambaye tayari alishalipwa zote. Ghala likiwa na wafanyakazi 100 wa aina yake, deni linafika dola 12,480,000.

Na usidhani kazi za mikono ni zege na nyundo tu. Idara ya kazi ya jimbo humhesabu mtu katika kundi hilo ikiwa zaidi ya asilimia 25 ya muda wake ni kazi ya mwili. Kwenye zamu ya saa nane, ni saa mbili na kidogo. Muuzaji wa duka anayepanga bidhaa kwenye rafu anaingia, mhudumu wa hoteli anaingia. Katika miji kama Buffalo na Utica, ambako wakimbizi wengi kutoka Kongo wamepewa makazi, Kiswahili husikika miongoni mwa watu wanaoanza maisha kwa kazi za namna hii. Uamuzi wa 2019 ulifungua mlango, na kesi za kundi zikamiminika.

Januari 2024 tawi la jirani, linalosimamia Brooklyn na Queens pamoja na maeneo mengine, likakataa. Kulipa kila wiki mbili, lilisema, si kutolipa. Kosa lipo, lakini la kulifuatilia ni Kamishna wa Kazi; mfanyakazi hana haki ya kushtaki mwenyewe kwa kosa hilo peke yake. Hivyo ghala la Manhattan lilikuwa na dai la dola 124,800 kwa kichwa, na ukivuka daraja kuingia Brooklyn dai lile lile mahakamani lilikuwa sifuri.

Bunge la jimbo liliingilia Mei 2025 kupitia sheria za bajeti, na marekebisho yakagusa hata kesi zilizokuwa zikiendelea. Mwajiri anayelipa angalau mara mbili kwa mwezi, akipatikana na kosa kwa mara ya kwanza, anadaiwa riba tu kwa siku za ucheleweshaji. Kiwango ni asilimia 16 kwa mwaka. Dola 800 kwa siku saba zinazaa dola 2.45. Kwa mwaka ni dola 64 hivi, kwa miaka sita dola 383. Deni la dola milioni 12.48 kwa ghala zima limeshuka hadi takriban dola 38,300, yaani limegawanywa kwa zaidi ya 300.

Msomaji wa Nairobi atashangaa ugomvi wote huu ni wa nini. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inataka kibarua wa siku alipwe jioni ile ile, lakini aliyeajiriwa kwa mwezi anangoja mwezi uishe. Katikati hapo ni daftari la mkopo la mwenye duka linalobeba nyumba nzima, na hakuna anayeliita kosa la mwajiri.

Kwangu, dola 124,800 ni nyingi mno kwa hasara hiyo, lakini dola 2.45 nazo zinapima kitu kingine. Riba inakadiria pesa ingezaa nini kama ingekaa mahali. Mtu asiye na akiba haumizwi hivyo. Anaumizwa na tarehe. Tazama kodi ya nyumba katika jimbo hilo hilo la New York. Sheria inamruhusu mwenye nyumba kutoza faini kodi ikishachelewa zaidi ya siku tano, hadi dola 50 au asilimia 5 ya kodi, yoyote iliyo ndogo. Mpangaji wa chumba cha dola 1,000 akikwama kwa sababu ujira haujaingia, atalipa dola 50 mara moja. Mwajiri aliyemkwamisha anadaiwa dola 2.45. Faini moja ya kodi inameza riba ya malipo 20 yaliyochelewa.

Sasa kaa kwenye kiti cha mhasibu. Wafanyakazi 100 wakicheleweshwa, riba ya mwaka ni takriban dola 6,380. Kulipa kila wiki kunaongeza mizunguko 26 ya malipo. Gawanya: ikiwa kuandaa mzunguko mmoja wa ziada kunagharimu zaidi ya dola 245, ni nafuu kuvunja sheria na kungoja kushtakiwa.

Unafuu huo una kikomo. Mwajiri akishatolewa amri kwa kosa hili, na nafasi ya kukata rufaa ikaisha, kulirudia kunarudisha fidia ya asilimia 100: kwa ghala letu, dola 2,080,000 kwa kila mwaka. Kwa hiyo kesi ya kwanza, ile ya dola 383 kwa mtu, ndiyo yenye uzito wote, na kwa thamani hiyo ni wachache watakaoona faida ya kuifungua. Kilichobaki cha kuwavuta mawakili ni kwamba sheria inambebesha mwajiri aliyeshindwa ada ya wakili wa mfanyakazi, na ada hiyo inaweza kuipita mara nyingi riba inayodaiwa.