Jicho la fundi halina spea

UKISHUKA matatu hapo Kawangware 46, kituo kilichorithi jina lake kutokana na namba ya magari yanayokwenda huko kutoka katikati ya jiji la Nairobi, hutakosa kusikia nyundo zikigonga bati. Mafundi wa jua kali hutengeneza majiko, masanduku ya wanafunzi, milango na vyuma vya madirisha. Kazi hii imesomesha watoto wengi. Lakini pia ni kazi inayoweza kumpofusha mtu kwa dakika moja.

Kama wewe ni kijana unayetaka kuianza, au mzazi anayempeleka mwanawe kwa fundi akajifunze, soma haya kwa makini.

Vifaa vya kuanzia

Si lazima uanze na mashine ya kuchomelea. Fundi wa bati anaweza kuanza na nyundo mbili, mkasi wa bati, tindo, tupa, futi na chuma kizito cha kugongea. Ukitaka kufua chuma motoni, ongeza koleo ndefu, jiko la makaa na kipulizio.

Ukinunua vyuma kuukuu, dai risiti. Mnamo Januari 2022 serikali ilipiga marufuku biashara ya vyuma chakavu kwa miezi kadhaa kwa sababu ya uharibifu wa mitambo ya umma. Usikubali kuuziwa kipande cha reli usichojua kilikotoka.

Je, fuawe iwe na urefu gani? Simama wima, kunja ngumi na uache mkono uning'inie. Uso wa fuawe ufike kwenye ngumi hiyo. Ikiwa chini zaidi utaumia mgongo. Ikiwa juu zaidi utachoka mabega.

Chunga pia tindo yako. Ikigongwa kwa muda mrefu, kichwa chake huchanua kama uyoga na vipande vyake huweza kuruka kama risasi. Kisage mpaka kiwe laini tena.

Macho kwanza

Mwangaza wa kuchomelea una miale mikali inayounguza jicho. Ubaya wake ni kwamba huhisi chochote wakati huo. Ni usiku, ukiwa kitandani, ndipo macho huanza kuwasha kana kwamba yametiwa mchanga.

Miwani ya jua haitoshi. Tumia kinga ya uso yenye kioo cheusi cha namba 10 au zaidi. Unaposaga chuma, vaa miwani safi inayofunika macho hadi pembeni, wala usiondoe kifuniko cha mashine.

Hapa ndipo wanagenzi wengi huumia. Fundi huvaa kinga, naye kijana anayemshikia chuma hugeuza uso tu na kufumba macho. Hiyo si kinga. Anayeshika chuma anahitaji kinga sawa na anayechomelea. Mama anayeuza mboga jirani na watoto wanaosimama kutazama wakitoka shuleni pia wamo hatarini. Weka kizuizi cha bati kati yako na njia.

Moshi na mapipa

Bati lililopakwa zinki likichomelewa hutoa moshi mweupe. Ukiuvuta, saa chache baadaye utatetemeka kwa baridi na homa, nawe utadhani ni malaria. Wengi hunywa maziwa wakiamini kwamba yatasafisha kifua. Maziwa huenda tumboni, hayaendi mapafuni. Dawa ni kuondoa zinki pale unapochomelea, kufanyia kazi mahali pa wazi, na kusimama upepo ukikupiga ubavuni ili moshi usikujie usoni.

Kabla ya kukata pipa, uliza lilibeba nini. Pipa la petroli au thina, hata likiwa tupu, hubakia na mvuke unaoweza kulipuka cheche ikiingia. Kulisuuza mara moja hakutoshi. Liache.

Vaa nguo za pamba, kwani nailoni huyeyuka na kushika ngozi. Viatu viwe vya ngozi vilivyofunika vidole, na suruali iwe juu ya viatu. Weka ndoo ya mchanga karibu, na usitumie nyaya za umeme zilizochunika.

Ajali ikitokea

Ukiungua, tia mahali hapo chini ya maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, mafuta wala unga. Kipande cha chuma kikiingia jichoni, usisugue wala usimruhusu mwenzako akitoe kwa ncha ya kitambaa. Nenda hospitali mara moja. Hospitali ya PCEA Kikuyu, ambayo haiko mbali na Kawangware, ina kitengo cha macho.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 humtaka mwajiri awape wafanyakazi vifaa vya kujikinga. Kwa hivyo, mzazi, kabla ya kumwachia fundi mwanao, usiulize karo peke yake. Uliza kama kuna kinga za uso mbili, moja ya fundi na moja ya mwanagenzi. Kama ni moja tu, nunua ya pili au mtafutie mtoto fundi mwingine. Mashine ikiharibika utapata spea Gikomba. Jicho halina duka.