Ukiacha Sigara, Punguza na Kahawa

Muuguzi anayeingia zamu saa mbili usiku, akatoka saa mbili asubuhi, na bado ana masomo ya diploma, akisema ameacha sigara wenzake watamwonya juu ya arosto. Juu ya kahawa hakuna atakayemwonya.

Moshi wa tumbaku una kemikali zitokanazo na kuungua, wala si nikotini, ambazo hulifanya ini litengeneze kwa wingi kimeng'enya kiitwacho CYP1A2. Kazi yake mojawapo ni kuvunja kafeini. Nusu ya kafeini aliyokunywa mvutaji huisha kwa saa 3 hivi. Kwa asiyevuta ni kama saa 5. Ndiyo maana mvutaji hunywa kikombe juu ya kikombe na miayo haimwishi. Akiacha sigara, kimeng'enya hicho hushuka katika siku chache, lakini chupa ya kahawa ya zamu inabaki na ujazo wake. Mwaka 1989, Neal Benowitz na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, walichapisha vipimo vya damu vya watu walioacha kuvuta: kafeini ilipanda hadi maradufu, na miezi 6 baadaye ilikuwa haijashuka.

Mikono inatetemeka, moyo unakwenda mbio, hasira ziko puani, usingizi unagoma. Hali hizo huletwa na kafeini iliyozidi, na nyingi kati yake huletwa pia na ukosefu wa nikotini. Mtu anadhani mwili unadai sigara, anawasha. Kwa hiyo siku ya kuacha sigara iwe ndiyo siku ya kupunguza kahawa kwa nusu, na kikombe cha mwisho kisipite saa nane usiku. Vinywaji vya makopo vya kuongeza nguvu vihesabiwe humo humo.

Nikotini yenyewe haikai: nusu yake hutoka kwenye damu kwa saa 2 hivi. Siku 3 za kwanza ndizo kali zaidi, basi zianzie kwenye mapumziko, wala si wiki ya mitihani. Ile "sigara ya kusomea" inayosifiwa hosteli hurudisha zaidi utulivu ambao kuikosa ndiko kulikouondoa. Stika za nikotini zinasaidia, na tangu 2009 tiba za aina hiyo zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Zikikuletea ndoto za ajabu, bandua stika kabla ya kulala.

Pombe ina hila nyingine. Wapo wanaotoka zamu na kupitia bia mbili za kulalia, na kweli usingizi huwachukua upesi, kwa kuwa pombe huzidisha nguvu ya GABA, kemikali inayotuliza ubongo. Lakini ini husafisha takriban kinywaji kimoja kwa saa. Pombe ikiisha, ubongo hurudi juu kwa kishindo. Anayelala usiku angalau ana giza na saa ya mwili upande wake; anayelala mchana, saa hiyohiyo inamwambia aamke, na jua limeshachoma bati. Kabla ya adhuhuri yuko macho, na usingizi wa ndoto umepungua. Kwa mwanafunzi hasara ni kubwa, maana ubongo huimarisha usingizini kile kilichosomwa.

Kuacha vyote pamoja? Mimi naunga mkono, kwa kuwa glasi huita sigara. Ila anayekunywa sana kila siku asikate ghafla: anaweza kupata degedege au kuweweseka vibaya siku ya pili au ya tatu, na hali hiyo huua. Aanzie kwa daktari, na amtajie pia idadi ya sigara na dawa anazotumia. CYP1A2 huvunja pia theofilini ya pumu na klozapini ya magonjwa ya akili. Mgonjwa akiacha kuvuta, dozi ya jana yaweza kuwa kubwa mno kwake.