Kusoma Picha Ukutani: Ziara ya Maonyesho ya Picha Jijini Nairobi

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa mwenye macho haambiwi tazama. Hata hivyo, mtu anayeingia katika ukumbi wa maonyesho ya picha hutambua upesi kwamba kuona na kutazama si jambo moja. Picha mnato huonekana kwa nukta chache tu, na aghalabu mtazamaji huipita akidhani amekwisha kuielewa. Makala haya yanadhamiria kueleza mahali maonyesho ya picha yanapopatikana jijini Nairobi, namna yanavyoundwa, na jinsi mwanafunzi wa Kiswahili anavyoweza kuyasoma kama asomavyo matini nyingine yoyote. Hoja kuu ni kwamba maana ya picha haimo katika picha peke yake. Imo pia katika maneno yaliyobandikwa kando yake.

Kumbi za maonyesho

Mwanafunzi aliyeko Nairobi hahitaji kusafiri mbali. Makavazi ya Kitaifa ya Nairobi, ambayo yalifunguliwa upya mwaka wa 2008 baada ya kukarabatiwa, huwa na maonyesho ya muda sambamba na yale ya kudumu. Katikati ya jiji, karibu na barabara ya Loita, kuna vituo vya utamaduni vya Ufaransa na Ujerumani, yaani Alliance Française na Goethe-Institut. Kwa miaka mingi vituo hivi vimekuwa wenyeji wa kazi za wapiga picha wa Kenya na wa kwingineko, na mara nyingi mtu huingia bila kulipa kiingilio. Penye makutano ya Kenyatta Avenue na Uhuru Highway ipo Nairobi Gallery, katika jengo la mwaka wa 1913 lililowahi kuwa ofisi ya mkuu wa mkoa. Humo ndimo wakazi walimokuwa wakisajili vizazi, ndoa na vifo. Leo kuta hizo hizo hubeba kumbukumbu za aina nyingine.

Muundo wa maonyesho

Maonyesho hayaundwi kwa kutundika picha ovyo. Mratibu huanza kwa kuteua. Mpiga picha anaweza kuleta mamia ya picha, zikachaguliwa thelathini tu. Kwa hiyo, swali la kwanza la mtazamaji liwe: ni nini kilichoachwa nje? Baada ya uteuzi hufuata mpangilio. Picha ya mtoto anayecheka ikitangulia picha ya nyumba iliyoteketea, mtazamaji huona hasara. Ikifuata nyuma yake, mtazamaji huona tumaini. Picha ni zile zile, lakini masimulizi yamebadilika, kama vile aya zinavyoweza kupanguliwa katika hadithi.

Ukubwa nao husema. Picha kubwa iliyowekwa peke yake ukutani huamuru heshima, ilhali picha ndogo zilizosongamana humlazimu mtazamaji kusogea karibu na kuinama. Mwanga huelekezwa ili jicho lijue pa kuanzia. Hata rangi huwa na kauli yake: picha nyeusi na nyeupe huweza kulifanya tukio la jana lionekane kama la enzi za mababu.

Maelezo na maana

Kando ya kila picha aghalabu huwepo maelezo mafupi ya mstari mmoja au miwili. Hapa ndipo mwanafunzi wa lugha anapopaswa kusimama. Mfano unaofahamika ni picha ya Dedan Kimathi baada ya kukamatwa tarehe 21 Oktoba 1956, akiwa amelala, amejeruhiwa, na mikono imetiwa pingu. Serikali ya kikoloni iliitumia kutangaza kwamba uasi umekwisha na kiongozi wake ameshindwa. Kimathi alinyongwa tarehe 18 Februari 1957. Picha hiyo haijabadilika hata chembe tangu wakati huo, ila jina lililoandikwa chini yake limebadilika. Neno "gaidi" limeondoka, na neno "shujaa" limeshika mahali pake. Mnamo 2007 sanamu yake ilizinduliwa katika barabara inayoitwa kwa jina lake, humo humo jijini, akiwa amesimama wima na bunduki mkononi. Anayetoka kutazama picha hiyo na kwenda kuitazama sanamu huelewa kwamba mtu mmoja amesimuliwa mara mbili.

Mfano wa pili ni wa Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi. Mnamo Oktoba 1984 filamu yake kuhusu njaa ya Ethiopia ilionyeshwa na BBC na kuushtua ulimwengu. Kamera ilikuwa ya Mwafrika Mashariki, lakini sauti iliyofasiri mandhari hayo ilikuwa ya mwandishi Mwingereza, Michael Buerk. Hili halipunguzi sifa ya yeyote kati yao. Linaonyesha tu kwamba kazi ya kuona na kazi ya kutaja huweza kugawanywa, na anayetaja huwa na nguvu kubwa juu ya kile kinachokumbukwa.

Kauli za vitenzi na uwajibikaji

Uzito wa suala hili ulidhihirika baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Tume ya Waki ilirekodi vifo vya watu 1,133. Mnamo 2008 kituo cha sanaa cha GoDown, katika eneo la viwanda jijini Nairobi, kiliandaa maonyesho ya picha za machafuko hayo yaliyoitwa Kenya Burning. Mwaka uliofuata mpiga picha Boniface Mwangi alianzisha maonyesho ya Picha Mtaani, ambayo yaliziondoa picha kwenye kumbi na kuziweka barabarani, kisha yakapelekwa katika miji mbalimbali nchini. Waliozitazama hawakuwa wapenzi wa sanaa pekee, bali wachuuzi, makanga, wanafunzi na wapita njia. Wengine walikuwa wameyapitia mambo waliyoyaona pichani, na huenda wengine waliyatenda.

Mtazamaji wa namna hiyo anapoelezwa tukio, kila kitenzi kina uzito. Tuchukue kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, lililoteketezwa tarehe 1 Januari 2008 likiwa na watu waliokimbilia humo kutafuta usalama. Maelezo yanaweza kusema "kanisa liliungua". Kitenzi hiki hakina mtenda. Ni kana kwamba moto ulizuka wenyewe. Yanaweza kusema "kanisa lilichomwa". Kauli ya kutendwa inakiri kwamba yupo aliyetenda, lakini inamficha. Yanaweza pia kusema "vijana walichoma kanisa". Hapa mtenda anatajwa, na papo hapo yanaibuka maswali ya ushahidi, ya haki, na ya hatari ya kuibebesha jamii nzima kosa la baadhi. Hali kadhalika, "walifariki", "waliuawa" na "waliwaua" si visawe. Mwanafunzi aliyefundishwa mnyambuliko wa vitenzi darasani anaukuta hapa ukiamua nani abebe lawama mbele ya umma.

Jambo lingine ni lugha yenyewe. Katika kumbi nyingi za jiji maelezo huandikwa kwa Kiingereza. Katiba ya 2010 iliifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza, lakini ukuta wa maonyesho bado haujaitikia wito huo ipasavyo. Matokeo yake ni kwamba mama aliyepigwa picha akiwa mbele ya kibanda chake huenda asiweze kusoma yaliyoandikwa kumhusu. Mtu asiyeweza kusoma maelezo ya picha yake hawezi kuyapinga. Ni jambo la kutia moyo kwamba maonyesho yaliyowafuata wananchi mitaani ndiyo yaliyojipa jina la Kiswahili.

Namna ya kutazama

Inafaa mgeni wa maonyesho azunguke ukumbi mara mbili. Mara ya kwanza atazame bila kusoma maelezo, na aandike katika daftari anachodhani kinatendeka. Mara ya pili asome, kisha alinganishe. Pale maelezo yanapotofautiana na alichokiona ndipo penye mafunzo. Ajiulize pia: mpiga picha alisimama wapi? Aliyepigwa picha alijua? Jina lake limetajwa, au ameitwa tu "mkimbizi" au "mkulima"? Ni adabu kuomba ruhusa kabla ya kupiga picha za kazi zilizotundikwa, na kuandika maoni katika kitabu cha wageni iwapo kipo. Maoni hayo yakiandikwa kwa Kiswahili sanifu, waandaaji watajua kwamba hadhira ya lugha hiyo ipo na inasubiri.

Hitimisho

Vyama vya Kiswahili vyuoni vina nafasi ya pekee katika jambo hili. Vinaweza kuandaa ziara za pamoja na kujitolea kuwatafsiria waandaaji maelezo ya picha kabla ya siku ya ufunguzi. Kazi hiyo haihitaji fedha nyingi. Inahitaji kamusi, uangalifu wa vitenzi, na moyo wa kumtendea haki mtu aliyeko ndani ya fremu.