Mtumba na Wasemaji wa Barazani

Ndugu wanachama, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mwaka 1973 TANU ilipoamua makao makuu ya nchi yahamie Dodoma, barazani hapakukosa wasemaji. Nchi kavu ile, walisema, itakula fedha bure. Miaka ikapita, wizara zingali Dar es Salaam, na kicheko kikazidi. Fedha zilikuwa chache, tena vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vikazila. Lakini wapimaji na wajenzi hawakukaa barazani. Miaka ya 1990 Bunge likahamia huko, na Aprili 2019 Rais John Magufuli akauzindua Mji wa Serikali pale Mtumba, mashariki ya Dodoma. Wizara zilianza na ofisi ndogo, maghorofa yakafuata.

Aulizaye gharama za mji ule ana haki yake. Mimi namsema yule acheka tu, hali hajui hata udongo wa kule ukoje.

Nayaandika haya kwa ajili ya shamba letu la miche. Mkarafuu huchukua miaka kadhaa kabla ya kuzaa, na mche mchanga wataka kivuli na maji. Yetu ingali mwaka wa pili, nasi twasikia, “Imekufa ile,” kwa watu wasioonekana shambani tangu siku ya kupanda. Wamwagiliaji ni wazee wawili tu. Jumamosi saa moja asubuhi watakuwapo kisimani, na ndoo ziko tano.