Fahamu: Kwa nini mabwawa ya New York yalikosa waokoaji

Mwaka 2022, jiji la New York lilifuta masomo ya bure ya kuogelea katika mabwawa yake ya nje. Maji yalikuwepo. Waliokosekana ni waokoaji.

Mshahara ndio ulioanza kuwafukuza. Mwokoaji mpya alilipwa takribani dola 16 kwa saa, ujira ambao kijana angeupata dukani akiwa kivulini, bila kubeba dhamana ya uhai wa mtu. Kazi yenyewe ni ya msimu, na anayeitaka lazima kwanza ashinde mtihani wa kuogelea kwa kasi, kisha ahudhurie mafunzo ya saa 40.

Halafu ikaja korona. Mwaka 2020 mafunzo yalisimama kwingi nchini Marekani, vyeti vikaisha muda, na viza za wanafunzi wa kigeni waliozoea kuja kufanya kazi hiyo wakati wa kiangazi zikasitishwa.

Jiji lilipandisha malipo hadi dola 19.46 Julai 2022, na kufikia 2024 yalikuwa dola 22. Ni hatua ya haki, ila ilichelewa mno.

Bwawa la umma likifungwa, mwenye bwawa nyumbani kwake hapungukiwi kitu. Anayeumia ni mtoto wa mtaa maskini, na kuogelea hujifunzwa majini tu. Nchini Marekani, watoto weusi wa miaka 10 hadi 14 hufa maji kwenye mabwawa ya kuogelea kwa kiwango kinachozidi mara 7 kile cha wenzao weupe.