Kamera ya kuvuta mbali: tuangalie nini mbele ya kununua?

Koperativa nyingi zinataka kubadilisha ile kamera ndogo ya zamani. Sababu iko: mnyauko wa migomba ya ng'ambo ya bonde, kwenye foto unakuwa doa tu. Agronomu hawezi kuelewa kitu.

Namba kubwa kwenye karton isitudanganye. Tuulize zumu ya lensi. Ile ya kidijitali inakuza foto na kuiharibu. Mara 12 inatosha shambani, lakini kamera iwe na kitu cha kutuliza mtikisiko wa mkono.

Kama hakuna umeme, tuchague inayotumia mawe ya AA ya kuchaji kwa sola. Yale ya tochi, ya bei rahisi, yanaisha mbio.

Pesa ni ya wanamemba wote. Mbele ya kulipa, tupige foto ya kibao cha ng'ambo ya barabara. Herufi zikisomeka, basi tununue.